Kipaimara kikiisha vijana wanatoweka kanisani. Wazee wenzangu, tuanzie wapi?

Mwalimu Mstaafu (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Mimi ni mama wa Kilutheri, mwalimu mstaafu, naishi Iringa. Uzi huu nauelekeza zaidi kwa wazee wenzangu, ila vijana mliomo humu msipite kimyakimya. Nikiwasemea jambo ambalo silo, nisahihisheni hapa hapa.

Kila mwaka usharikani kwetu darasa la kipaimara linajaa. Watoto wanasoma miaka miwili, wanakariri Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana pamoja na maelezo yake, na siku ya kubarikiwa kanisa linafurika. Nguo nyeupe, mbuzi, keki, wapiga picha mpaka getini. Miezi michache baadaye mabenchi waliyokalia yana mapengo. Walio bweni tunajua walipo. Ninaowazungumzia ni waliobaki hapa hapa mtaani. Unakutana naye gengeni, anakuamkia vizuri, anakupokea na mzigo, lakini kanisani haonekani.

Jibu letu la miaka yote limekuwa semina. Vijana na ndoa, vijana na utandawazi, vijana na uchumi. Mgeni anaitwa, anafundisha vizuri, soda zinanywewa, watu wanatawanyika. Sizipingi semina. Lakini katika miaka niliyokaa baraza la wazee, kila kijana niliyemwona akidumu alikuwa na mtu wake: mtu mzima asiye mzazi wake, anayemjua kwa jina, aliye na kazi ya kufanya naye, na ambaye asipomwona Jumapili anampigia simu jioni ile ile.

Sasa tazameni tunavyoishi. Ibada ya kwanza ya saa moja asubuhi ni yetu wazee. Ya pili ni ya vijana na vyombo vyao. Watoto wako nyuma ya kanisa na mwalimu wao. Akina mama tuna siku yetu, kwaya kuu siku yake, kwaya ya vijana siku yake. Mtoto anaweza kubatizwa, kubarikiwa na kufunga ndoa katika kanisa moja bila kuwahi kuzungumza na mzee yeyote zaidi ya shikamoo na marahaba. Tukishakaa hivyo miaka ishirini, tutajuana saa ngapi?

Ninachoamini ni kwamba uhusiano wa mzee na kijana unazaliwa kwenye kazi, tena kazi ya kweli, ile ambayo ikiharibika usharika mzima utaona. Kupanga viti na kubeba maturubai tumewapa tangu zamani. Wapewe na yenye uzito, na sisi tusimame karibu.

Nitoe mfano wa mnada. Kwa wasioufahamu: baada ya ibada tunatoka nje, na vitu vilivyotolewa sadaka, kuku, mayai, mahindi, viazi, mkungu wa ndizi, vinanadiwa hapo uwanjani. Kwetu kuna mzee amekuwa mnadishaji tangu wanangu wakiwa wadogo. Siku moja akamwita kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri matokeo, akamkabidhi jogoo. Jogoo miguu imefungwa kwa katani, anapiga mabawa, kijana wa watu ameona aibu hajui aangalie wapi. Mzee hakwenda kukaa. Alisimama bega kwa bega naye akawa anamnong'oneza: yule mwenye kitenge cha njano mwite kwa jina la mjukuu wake, ataongeza, yule baba akikuna kidevu ujue bado ana hela, mngoje. Jogoo akaanza elfu nane. Akafika elfu kumi na tano, aliyemnunua akasema "namrudisha", akanadiwa upya, na aliyefuata naye akamrudisha. Hapo sauti ya kijana ilishatoka, watu wanacheka, wanatoa. Ulipoisha mnada wakakaa wawili hao kwenye ngazi. Mzee anaandika kwenye daftari, kijana anakagua waliolipa kwa simu, maana siku hizi wengi hawatembei na taslimu.

Tangu siku hiyo mzee akienda shamba, mnada unakwenda. Na lililonigusa zaidi ni hili. Matokeo yalipotoka na hayakuwa mazuri, yule kijana kabla hajamwambia baba yake alikwenda kwa yule mzee. Wakaenda nyumbani kwa kijana pamoja.

Kwaya nako kuna hazina tunaiacha ipotee. Kwaya kuu nyingi bado zina wazee wanaosoma nota za solfa moja kwa moja kwenye karatasi, hata wimbo ambao hawajawahi kuusikia. Vijana wetu wanashika wimbo kwa sikio kutoka YouTube na kinanda wanakipiga vizuri mno, lakini ukimpa karatasi yenye d, r, m hajui aanzie wapi. Waketisheni pamoja. Mzee afundishe solfa, kijana arekodi kila sauti peke yake na kuituma kwenye kundi la WhatsApp ili aliyekosa mazoezi ajifunzie nyumbani. Hapo kila mmoja anamhitaji mwenzake kweli, hakuna anayemfanyia mwenzake hisani.

Jambo jingine ni habari tunazowasimulia. Tukisimama kushuhudia tunasimulia ushindi tu. Mungu alinipa, Mungu alinitendea. Kijana aliyetuma maombi ya kazi kila mahali bila majibu akisikia hivyo anajiona yeye pekee ndiye Mungu amemsahau. Wasimulieni na miaka migumu. Sisi tulioishi Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, familia zikahama na kuacha nyumba na miti ya matunda, tunajua ibada ya chini ya mti inavyokuwa. Tulioishi vita ya Kagera ya mwaka 1978 hadi 1979 na miaka ya foleni iliyofuata, tunajua kuomba na kulala bila sukari wala sabuni. Mtunga Zaburi ya 71 anaomba Mungu asimwache akiwa na mvi mpaka akieleze kizazi kinachofuata nguvu za Mungu. Hiyo ndiyo kazi ya mvi zetu. Lakini tueleze yote, pamoja na maombi ambayo mpaka leo hatujaona jibu lake na bado tunaamini.

Na sisi ndio wa kuanza. Kijana hawezi kuja sebuleni kwangu kusema, mama, naomba urafiki. Adabu yetu haimruhusu. Mkubwa ndiye anayefungua mlango.

Mlioona hili likifanya kazi kwenu, semeni mlifanyaje. Vijana, tuambieni ukweli.

Kijana wa Mafinga

Shikamoo mama. Umetutetea, lakini umesema tuseme ukweli, basi nasema.

Mimi ni bodaboda. Mtu mzima wa kanisani akinikuta kijiweni, swali la kwanza ni "unaoa lini?" La pili "mbona hatukuoni jumuiyani?" Jumuiya yetu ni Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Ijumaa usiku ndio usiku wangu wa hela, narudi saa nane. Hakuna aliyewahi kuniuliza nalala saa ngapi.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni siri. Nilimweleza mtu mzima mmoja habari ya deni la pikipiki, nimekwama rejesho. Wiki hiyo hiyo nikaombewa jumuiyani kwa jina na kiasi cha deni kikatajwa. Najua alikusudia mema. Ila tangu siku hiyo mimi na wenzangu kijiweni tukiwa na shida tunaambiana sisi kwa sisi.

Mzee ninayemwamini yupo mmoja. Siku za gulio napanda naye, analipa nauli kama abiria mwingine, hajawahi kuniomba nimbebe bure kwa sababu tunasali pamoja. Ananiuliza mambo ya pikipiki, plagi, mafuta, kwa nini inavuta moshi. Anasikiliza kweli. Siku aliponiuliza habari za roho yangu, nilimjibu yote.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa lililokupata.

Wazee wenzangu, someni hapo mara mbili. Alichoambiwa mtu faraghani hakiendi jumuiyani, hata kikivikwa nguo ya ombi. Ukitaka kumwombea, ombea chumbani kwako. Ukiona lazima mwingine ajue, muulize mwenyewe kwanza: "Naweza kumshirikisha mchungaji?" Akikataa, imekwisha, ubaki nalo. Kijana akikujaribu kwa jambo dogo akaona limetulia, ndipo atakuletea kubwa.

Na hilo la saa ya jumuiya nalipeleka kwenye kikao chetu, maana hata kwetu ni alfajiri. Jumapili jioni inawezekana.

Mkweli Daima

Mwalimu, kwa heshima, mnawabembeleza mno. Sisi tulilelewa kwa kuambiwa, tukatii. Kijana wa leo anachati wakati wa mahubiri, anakuja ibadani na nguo ya disko, ukimwonya anahamia kwa nabii wa mtaa wa pili. Walawi 19:32 inaagiza mwenye mvi aheshimiwe. Kwa nini mzigo wote uwe kwetu?

Mjukuu wa Uamsho

Ndugu yangu Mkweli, nipo Kagera, nimelelewa na bibi mwana-uamsho, naomba nikukumbushe tulikotoka.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa toba na wokovu ambao wazee wetu wanauita moto wa kwanza, uliwashwa na watu wa umri gani? Simeoni Nsibambi wa Uganda na Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza, wote Waanglikana, walipokutana Kampala mwaka 1929 na kusoma Maandiko pamoja, walikuwa na miaka thelathini hivi. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyefundisha kule Gahini, Rwanda, alifariki Januari 1936 hajafikisha thelathini. Na wakubwa wa kanisa wa wakati ule hawakuwapokea kwa vigelegele. Mwaka 1941 chuo cha teolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi waliokuwa wakiamka alfajiri kuomba na wakihubiri kwa ukali, William Nagenda akiwamo. Waliitwa wasumbufu, wenye kiburi, wasioheshimu wakubwa. Maneno hayo hayo tunayoyasema sasa.

Wao walikuwa na sababu zote za kuhama na kuanzisha kanisa lao. Wengi wao walibaki ndani ya makanisa yao, na uamsho ukavuka mpaka ukafika kwetu Bukoba kwa Walutheri. Askofu Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925 na baadaye mwaka 1977 akachaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, ni tunda la uamsho ule.

Na ndani ya ule ushirika nilichokiona kwa bibi ni kwamba umri haukuwa kinga. Walikuwa na desturi ya kutembea nuruni. Mzee anasimama anatubu mbele ya vijana, kijana anasimama naye anatubu, wote wanaimba Tukutendereza, ule wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Mtoto aliyemwona bibi yake akisema mbele za watu "nimemkasirikia jirani, naomba Yesu anisafishe" anamheshimu kuliko yule aliyeambiwa tu amheshimu. Heshima ya Walawi 19 naikubali yote. Nasema bibi yangu hakuidai hata siku moja na hakuikosa hata siku moja.

Mkweli Daima

Habari za Mukono sikuzijua. Nasimama kwenye suala la adabu ibadani, ila umenipa la kufikiri.

Dada Sauti ya Pili

Naomba niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Nilipata mimba nikiwa chuo, mwaka wa pili. Nilikuwa kiongozi wa sauti ya pili kwaya ya vijana. Nikatengwa kwa utaratibu wa kanisa, jina likasomwa. Utaratibu naufahamu na sijaja kuupinga hapa. Ninachotaka kusema ni kilichofuata. Marafiki zangu wa kwaya waliogopa kuja. Mama yangu alikuwa na aibu hatoki nje. Simu ikanyamaza kabisa.

Jumatatu asubuhi akaja mama mmoja wa kwaya kuu, mtu ambaye tulikuwa tunasalimiana tu. Amebeba unga wa lishe kwenye kindoo cha plastiki na kitenge kikuukuu. Hakutaja habari ya dhambi. Alimwambia mama yangu, "Nimekuja kukaa na binti, wewe kaoge ukapumzike." Akawasha jiko, akakoroga uji, akaniuliza kama nimeshaanza kliniki. Nilikuwa sijaanza, naogopa kukutana na watu. Akasema Alhamisi tutakwenda wote. Tulikwenda wote, na akawa anakuja hivyo mpaka nimejifungua. Siku niliporudi kundini alikaa benchi moja na mimi, mtoto kamshika yeye.

Leo nafundisha watoto wa Jumapili. Wanaosema vijana wanakimbilia kwa manabii wajiulize kwenye wiki kama ile nani alikuwa anapiga hodi.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, nimesoma huku nalia. Ubarikiwe kwa kuliandika.

Nimemkumbuka Elisabeti. Mariamu, binti mwenye mimba ambayo watu wasingeielewa, alikwenda nyumbani kwa mwanamke mzee milimani, akapokewa kwa furaha, akakaa huko kama miezi mitatu. Luka hakutuandikia hata neno moja la kuhojiwa. Akina mama wa umri wangu, unga wa lishe tunao.

Mkatoliki Mbeya

Tumsifu Yesu Kristo. Mada imenigusa, nachangia kwa upande wetu.

Sisi kila mtoto ana msimamizi wa ubatizo na wa kipaimara, na sheria ya Kanisa inapendekeza wa kipaimara awe yule yule wa ubatizo ili awe na mtu mmoja anayemfuata kutoka utoto. Yaani huyo "mtu wake" anayemsema Mwalimu tayari tunaye kwenye karatasi! Lakini tunamchagua kwa uwezo wake wa kutoa zawadi, anakuja siku ya picha, basi. Mimi nina watoto wa ubatizo ambao wengine ni watu wazima sasa. Nimeanza kuwapigia simu kila mwaka siku yao ya somo, yaani sikukuu ya mtakatifu wa jina lao. Mmoja alinijibu, "Baba, sikujua kama una namba yangu." Tukaongea karibu saa nzima.

Jumuiya ndogo ndogo pia. Maaskofu wa AMECEA, yaani shirikisho la maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele miaka ya 1970 ili Kanisa liwe familia nyumba kwa nyumba. Familia yenye bibi na babu peke yao haijakamilika. Kwetu tulipompa binti wa VIWAWA, chama chetu cha vijana Wakatoliki, ukatibu wa jumuiya, aandike yeye kumbukumbu na kusoma taarifa parokiani, ndugu zake wawili wakaanza kuja.

Mwanakwaya Nairobi

Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Huku kwetu Kenya jambo hili lilikuja kwa kishindo. Juni 2024 vijana wa Gen Z walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, hasira iligeukia makanisa pia. Waliuliza kwa nini mwanasiasa anapewa maikrofoni madhabahuni kwa sababu ameleta bahasha. Wazee wengi waliona ni matusi. Mama yangu alikasirika sana.

Lakini Novemba mwaka huo huo Rais alipotoa mchango kwenye parokia ya Soweto hapa Nairobi, Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza urudishwe. Mimi si Mkatoliki, mimi ni Mwanglikana, ila nyumbani tulikaa na mama tukaongea siku hiyo vile hatukuwa tumeongea tangu Juni. Aliona kwamba watoto waliuliza swali la haki, na mimi nikaona kwamba kuna wazee wanaosikia.

Kwa hivyo naongeza moja kwa hoja ya mnada: vijana waonyeshwe pia vitabu vya hesabu. Kijana akijua pesa ya kanisa imeingia vipi na imetoka vipi, ataitetea kanisa hata akiwa barabarani.

Mama wa Mabinti

Nakubaliana na mengi, lakini kama mzazi nina hofu. Mnasema mtu mzima asiye mzazi awe karibu na kijana. Nina binti wa miaka kumi na tano. Si kila mwenye mvi ana nia njema. Hili mnaliwekaje?

Mwalimu Mstaafu

Umefanya vema kuuliza, na asionekane mtu kuwa na nia mbaya kwa kuuliza hivyo.

Nimefundisha miaka mingi, nimeona mambo, na msimamo wangu hauyumbi. Mabinti wawe na akina mama, wavulana na akina baba, kama Tito 2 inavyopanga. Mzee anayetaka kuwa karibu na mtoto wa mtu aanze na hodi kwa wazazi, aseme anachotaka kufanya naye, siku gani, wapi. Wakae barazani, ukumbini, uwanjani, panapopita watu. Zawadi za siri hakuna, ujumbe wa usiku hakuna, safari ya wawili hakuna. Na mtoto aambiwe mapema na mzazi wake kwamba yupo huru kukataa, na akiona jambo haliko sawa aseme nyumbani hata kama anayehusika ni mzee wa kanisa. Mtu mwenye nia njema masharti haya hayamchoshi. Anayekasirika ukimwekea, umeshamjua.

Kingine, kazi za watu wengi ni salama zaidi. Ndiyo maana napenda mnada, kwaya na jiko la msibani. Jiko la msibani tunalisahau! Binti akikaa na akina mama usiku wa msiba, wanachambua mchele, wanaimba, wanasimulia marehemu alivyokuwa, anajifunza mambo ya uzima wa milele ambayo darasani hatukuweza kuyasema.

Baba Watatu Ohio

Bwana asifiwe. Mimi ni Mkongomani, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Kanisa letu hapa Ohio tunasali Kiswahili. Watoto wetu wanasikia kidogo, wanajibu Kiingereza. Wazee walikasirika, wakasema watoto wamepotea.

Kilichotusaidia ni kwaya. Mtoto hataki mahubiri ya saa mbili nzima kwa lugha asiyoimudu, lakini kuimba na kucheza ile mitindo ya kwaya ya kwetu anataka. Basi kila wimbo bibi mmoja anaeleza maneno, na waliuimba wapi, kambini au kule Fizi, Kongo, kabla ya vita. Watoto wanauliza maswali. Halafu watoto ndio wanawasomea wazee barua za hospitali na za shule, wanawasindikiza kwa daktari. Mzee mmoja alikuwa mkali sana kwa vijana. Sasa mzee huyo anamwita kijana anayempeleka kliniki "mwanangu" na anamwombea kila asubuhi kwa jina.

Kijana wa Mafinga

Mama, nimesoma zote. Swali la mwisho. Kama mimi ndiye kijana, na usharikani kwangu hakuna mzee atakayesoma uzi huu, nifanyeje? Maana umesema mkubwa ndiye anayefungua mlango.

Mwalimu Mstaafu

Swali zuri, mwanangu. Mlango wa urafiki ni wetu kuufungua, lakini mlango wa kuomba kufundishwa ni wako, na adabu yetu inakuruhusu kabisa. Hakuna mzee anayemfukuza kijana aliyekuja kusema "shikamoo, naomba unifundishe kitu fulani."

Tafuta kazi moja mzee anaifanya peke yake na inamchosha. Kwa makanisa mengi ni mtunza hazina. Kila Jumapili anahesabu bahasha za ahadi moja moja, anazipanga kwa namba, anaandika kwenye kaunta buku, na waliotuma kwa simu wanamchanganya kwa sababu majina ya kwenye meseji hayafanani na ya kwenye orodha. Mwendee baada ya ibada. Mwambie unaweza kumsaidia kulinganisha meseji na namba za bahasha, yeye akuonyeshe kitabu kinavyoandikwa. Nenda na mwenzako mmoja, na mchungaji au mwinjilisti ajue, kwa sababu ni fedha za watu na hutaki maneno.

Usiende Jumapili ya mavuno, siku hiyo hatakuwa na nafasi hata ya kukuitikia. Nenda ya kawaida. Akikwambia "njoo wiki ijayo", nenda wiki ijayo. Na yule mzee wako wa siku za gulio mweleze unachotaka kufanya, inawezekana kabisa wanajuana tangu utoto na atakutangulia kukusemea.

Ukishaongea na mtunza hazina, rudi hapa utuambie alisemaje.